Kumtia Adabu Mnyama Mkali: Kutoka Farasi wa Waarabu hadi Dume la Karagwe

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), aliyewaumba wanyama na kuwatiisha kwa wanadamu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Swahaba zake.

Ama baad. Ndugu msomaji, tunapomsikia mtu akisema "nitamtia adabu", hatuulizi darasa litaanza saa ngapi. Tunaangalia fimbo iko wapi. Hivyo ndivyo neno hili lilivyobanwa katika mazungumzo yetu. Lakini asili yake ni ta'dib la Kiarabu, na Mtume (s.a.w.) alilitumia kwa mnyama. Katika hadithi iliyopokewa kwa Uqba bin Amir (r.a.), inayopatikana kwa Abu Daud, Tirmidhi na wengineo, mtu kumtia adabu farasi wake kumehesabiwa miongoni mwa michezo michache ambayo si upuuzi, pamoja na kurusha mshale na kucheza na mke wake. Jambo lililowekwa safu moja na mtu kucheza na mkewe haliwezi kuwa kipigo. Ni mafunzo.

Nitafuatilia maana hiyo katika historia, kisha nitaeleza kwa nini mimi mwenyewe nilichelewa kuielewa.

Siku ya Idi Kyerwa

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuchinja siku ya Idi katika kijiji kimoja cha Kyerwa. Watu saba walikuwa wamechangia dume wa pembe ndefu, wale ng'ombe wa Ankole wanaojulikana Karagwe yote. Alitolewa zizini peke yake, akafungwa kamba kwenye pembe. Vijana wawili walivuta mbele, mmoja akachapa nyuma, na watoto wakazunguka wakipiga kelele. Dume akasimama, akagoma. Nakiri kwamba wa kwanza kusema "mpigeni" nilikuwa mimi. Akapigwa. Akageuka ghafla, kamba ikawachomoka, akampiga pembe kijana aliyesimama kando akitazama. Mkono wake ukavunjika.

Kijana alipokwisha kupelekwa hospitali, mzee mmoja mfugaji alifika. Aliwaondoa watoto wote, akataka kimya. Akaagiza ng'ombe jike mmoja aletwe asimame karibu. Yeye akasimama ubavuni mwa dume, mbali kidogo, bila kumkodolea macho. Baada ya muda dume akashusha kichwa, akaanza kula majani. Mzee akaokota kamba taratibu. Kila alipoivuta kidogo, mnyama akipiga hatua moja, yeye huilegeza hapo hapo. Jike akatangulia, dume akafuata hadi mahali pa kuchinjia.

Nilimshukuru. Akanijibu, "Shehe, huyu hakukataa amri. Mbele mlimwambia njoo, nyuma mkamwambia kimbia, pembeni mkamwambia ogopa. Yeye angetii ipi?"

Jioni baba wa kijana alikuja kuniuliza kama kuna anayewajibika kwa mkono wa mwanawe. Nilimjibu kwa hadithi mashuhuri ya Bukhari na Muslim, kwamba jeraha la mnyama halina fidia. Akainama, akaondoka. Jibu lile halikuwa kamili, na nitalirudia hapa chini.

Mwenendo wa Mtume (s.a.w.)

Sira inatupa matukio yanayotufundisha namna ya kumsoma mnyama kabla ya kumhukumu.

La kwanza ni la Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria (628). Ngamia wa Mtume (s.a.w.) aitwaye Qaswa alipiga magoti njiani. Watu wakasema amegoma. Mtume (s.a.w.) alikataa hukumu hiyo, akaeleza kwamba kugoma si tabia yake, bali amezuiwa na Yule aliyemzuia tembo asiingie Makka. Wengine waliona tendo moja, yeye alikuwa anaijua desturi ya mnyama wake.

La pili limepokewa na Abu Daud kwa Abdullah bin Jaafar (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliingia katika bustani ya Answari mmoja, akamkuta ngamia aliyetoa mlio wa huzuni na kububujikwa na machozi. Tazama mpangilio wa matendo yake. Kwanza alimwendea na kumpangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia. Pili aliuliza mwenyewe ni nani. Tatu alimkumbusha mwenyewe amche Allah, kwa kuwa ngamia alilalamika kuwa ananyimwa chakula na kuchoshwa kazi. Mnyama alitulizwa, na aliyeonywa ni mmiliki.

La tatu limo katika Sahihi Muslim. Bibi Aisha (r.a.) alipanda ngamia mgumu, akawa anamrudisha huku na huku. Mtume (s.a.w.) akamwelekeza ashike upole. Hakumwambia ashuke amwache, wala hakumwambia azidishe nguvu. Ngamia alibaki kuwa wa kufundishwa, kilichobadilishwa ni mkono wa mpandaji.

Elimu ya farasi kwa Waislamu

Kutokana na misingi hiyo ilichipuka elimu pana. Mabingwa wa lugha kama al-Asmai na Abu Ubayda waliandika vitabu vya farasi katika zama za mwanzo za Bani Abbas. Waarabu hawakutosheka na neno moja la "mkali". Farasi asiyezuilika akikimbia ni jamuh. Anayekataa kupandwa ni shamus. Anayesimama na kugoma ni harun. Anayeuma ni adhudh, na anayepiga teke ni ramuh. Kila kosa lilipewa jina lake, maana kila kosa lina sababu yake na dawa yake. Mwenye neno moja kwa maradhi yote atakuwa na dawa moja, nayo kwa kawaida ni fimbo.

Katika karne ya 3 Hijria, Ibn Akhi Hizam alitunga kitabu cha upandaji na uganga wa farasi, miongoni mwa vya kale zaidi vya fani hiyo vilivyotufikia kwa Kiarabu. Huko Misri, Abu Bakr al-Baytar, mganga wa farasi wa Sultani al-Nasir Muhammad bin Qalawun (aliyefariki mwaka 741 Hijria, 1341), aliandika Kamil al-Sina'atayn, yaani ukamilifu wa fani mbili. Fani hizo ni uganga wa farasi na utunzaji na mafunzo yake. Kukutana kwake katika kitabu kimoja kuna funzo: anayetaka kurekebisha tabia aangalie kwanza maumivu. Farasi mwenye jino bovu, mgongo uliochubuliwa na matandiko au kwato mbovu atauma na kupiga teke, na mafunzo yote duniani hayatamtibu.

Hata lugha yetu ina alama za elimu hiyo. Saisi wa Kiswahili, mtunza farasi, ni sa'is wa Kiarabu, na kutokana na mzizi huo ndipo lilipotoka neno siasa. Hatamu na lijamu nayo ni ya asili hiyo. Na mafunzo ya farasi yaliitwa riyadha, neno ambalo Imam al-Ghazali alilitumia katika Ihya kwa ajili ya mafunzo ya nafsi.

Kwa nini farasi hakufika Karagwe

Pwani, farasi alijulikana. Sayyid Barghash wa Zanzibar alimpa Stanley farasi wa Kiarabu mwaka 1871. Farasi huyo, pamoja na mwingine aliyetoka Rasi ya Tumaini Jema, walikufa Kingaru kabla msafara haujafika mbali na pwani. Maradhi, yakiwemo yanayoenezwa na mbung'o, yaliifunga bara kwa farasi.

Hivyo Waislamu wa mwanzo waliofika Karagwe hawakuja na farasi. Speke na Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika huko Bweranyange, Novemba 1861, wafanyabiashara wa Tabora kama Musa Mzuri walikuwa tayari wanajulikana pale, na kituo chao kilikuwa Kafuro. Mwaka 1876 Stanley alimkuta Kafuro Mwarabu Ahmed bin Ibrahim, naye alimhesabia ng'ombe wapatao 150. Kwa hiyo mtu wa kabila lililotunga vitabu vya farasi aliishia kuwa mwenye ng'ombe. Na katika kazi ya ng'ombe, walimu walikuwa wenyeji. Kwa Wanyambo na Wahima ng'ombe, yaani ente, alikuwa mali, mahari na heshima ya ufalme. Katika hazina ya Rumanyika zilikuwemo hata sanamu za ng'ombe za madini. Sotoka ya miaka ya 1890 iliwafyeka ng'ombe wa eneo hili, lakini ujuzi wa kuwachunga haukufa. Mchungaji humwita mnyama kwa jina linalotokana na rangi yake, kama bihogo kwa mwenye hudhurungi iliyokolea, humzoeza sauti yake tangu ndama, na mnyama huitambua sauti hiyo kati ya nyingi.

Amri iliyo wazi

Wafunzaji wa farasi wa leo husema mafunzo ya farasi mkali yaanzie chini, mfunzaji akiwa amesimama na kamba mkononi, kabla ya kupanda. Sababu ni kwamba farasi na ng'ombe wote ni wanyama wanaowindwa, kinga yao ya kwanza ni kukimbia. Akizuiwa kukimbia, hupigana. Kabla ya hapo hutoa onyo: farasi hulaza masikio nyuma na kukaza mwili, dume huonyesha ubavu, hushusha kichwa na kuparua ardhi. Anayepuuza onyo hilo hana haki ya kusema alishambuliwa ghafla.

Kanuni zao ni chache. Alama moja iwe na maana moja, isibadilike kesho. Uzito wa kamba uanze kidogo, na uondolewe papo hapo mnyama anapotii, kwa kuwa huko kulegezwa ndiko kunakomfahamisha kuwa amepatia. Adhabu inayokuja baadaye haieleweki, mnyama hujifunza tu kumwogopa mtu. Na mfunzaji alinde nafasi yake, asimame pale anapoonekana, asijipenyeze nyuma. Kwa ng'ombe, Temple Grandin wa Marekani ameeleza kwa kina jambo ambalo wachungaji hulifanya kwa mazoea: mnyama ana mpaka wake wa woga, na bega lake ni mizani. Ukisimama nyuma ya bega huenda mbele, ukisimama mbele yake hurudi nyuma. Yule mzee wa Kyerwa alifanya yote hayo bila kitabu.

Tusidanganyane, hata hivyo. Wako madume, hasa waliolelewa peke yao na watu, ambao ukali wao hauishi, na hao ni kazi ya wazoefu. Upole si kumwamini kila mnyama.

Hukumu ya madhara

Sasa nirudi kwa baba wa kijana. Hadithi ya jeraha la mnyama kutokuwa na fidia ni sahihi, lakini mafaqihi hawakuiacha bila ufafanuzi. Imam al-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, 1277) ameeleza katika Minhaj, kitabu tegemezi cha madhehebu yetu ya Shafii, kwamba aliye pamoja na mnyama hudhamini anachoharibu, nafsi au mali, usiku na mchana. Hata paka aliyezoea kula ndege au chakula cha watu, mmiliki wake hudhamini kwa kauli yenye nguvu zaidi. Na wafafanuzi wakasema kuwa anayemchokoza mnyama pasipo idhini ya aliye naye, dhamana humwangukia mchokozi.

Ipo tafsili kuhusu mnyama aliyemponyoka mwenyewe bila uzembe. Sisi hatukuwa na udhuru huo. Iwe kwa mwenye kamba, iwe kwa mwenye fimbo, iwe kwangu niliyeamrisha, dhamana haikutoka mikononi mwetu. Matibabu ya kijana tulichangishana tukayaita sadaka, ilhali yalikuwa deni. Nilimrudia baba yake kumweleza hivyo, na nayaandika hapa ili imamu mwingine asiitumie hadithi ile kuwafungia mlango waliodhurika.

Nasaha

Maimamu wenzangu wa Karagwe, Kyerwa na kwingineko, kabla ya Idi tupangeni mambo haya. Mnyama afike mapema, azoee mahali, apewe maji. Asitolewe peke yake. Kamba ishikwe na wazoefu wachache, na anayetoa amri awe mmoja. Watoto na watazamaji wakae mbali. Kisu kisinolewe mbele yake, wala asichinjwe mbele ya wenzake, kama adabu za kuchinja zilivyofundishwa. Usoni asipigwe kabisa, kwani Mtume (s.a.w.) amelikataza hilo. Na al-Izz bin Abdissalam, alipozihesabu haki za wanyama juu ya mwanadamu, alianza na matumizi yao, hata wakizeeka au wakiugua wasiwe na faida tena.

Na mtoto wa madrasa, na mke, na mtumishi wa nyumbani, nao husikia neno hili hili la kutiwa adabu. Tukisharejesha maana yake kwa mnyama, hatutakuwa na hoja ya kuipotosha kwa binadamu.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.