Mrefu hivyo, anashindwaje na mfupi?

Mimi huku Uingereza mzima, baridi tu ndiyo inatutesa.

Juzi mdogo wangu kanipigia simu, mgongo umemkamata tena kwa kushusha magunia. Kinachomuuma zaidi ni wenzake kumcheka: mrefu hivyo, anashindwa na kijana mfupi! Jamani, huo si uvivu. Jibu lake lina zaidi ya miaka 300.

Mwanahisabati Mtaliano, Giovanni Alfonso Borelli, aliyezaliwa Napoli mwaka 1608, aliutazama mwili kama mtambo. Mfupa ni mtaimbo, kiungo ni lile jiwe unaloegemezea. Kitabu chake, De Motu Animalium, kilitoka 1680 na 1681, mwenyewe ameshafariki. Kabla yake wanazuoni wengi waliamini kuwa misuli huinua mizigo mikubwa kwa nguvu ndogo. Borelli akapiga hesabu, akakuta ni kinyume kabisa.

Angalieni mkono. Ule msuli unaovimba ukikunja mkono umejishika kama sentimita 5 tu kutoka kwenye kiwiko, lakini mzigo uko kiganjani, kama sentimita 35. Ukishika kilo 10 umekunja kiwiko, msuli unavuta sawa na kilo 70! Mwenye mkono mfupi, au ambaye msuli wake umejishika mbele kidogo tu, anapata nafuu kubwa. Hajakuzidi nguvu, kakuzidi maumbile.

Mgongo nao ni hivyo hivyo, maana misuli yake iko karibu sana na uti. Kilo 20 zikiwa sentimita 50 mbele yako, misuli inavuta kama kilo 200, bado uzito wa kiwiliwili chako ukiinama. Zivute hadi sentimita 25, zinabaki 100.

Sisi wauguzi tuliumia sana kwa jambo hili. Huku ilitungwa kanuni mwaka 1992, ikaanza kazi Januari 1993, kuwataka waajiri waepushe unyanyuaji wa hatari pale inapowezekana. Ndiyo maana mgonjwa mzito tunamnyanyua kwa mashine, hata kama wodini kuna mbabe.

Kwa hiyo mdogo wangu, waache wacheke. Kunja magoti, likumbatie gunia lisikae mbali na tumbo, na usione haya kumwita mwenzio ashike upande wa pili. Mgongo hauna spea.

Nisalimieni mama.