Kutokwa Jasho Usiku: Namna ya Kuchagua Mashuka na Nguo za Kulalia za Nyuzi za Asili

Kutokwa na jasho jingi usiku ni hali inayowakosesha usingizi watu wengi, wake kwa waume. Jasho linalozungumziwa hapa si lile la kawaida linalotokana na joto la chumba au blanketi zito, bali ni lile linalolowesha nguo na mashuka kiasi cha kumlazimu mtu kuamka na kubadilisha, hata pale hewa ya chumba inapokuwa ya wastani. Matandiko na mavazi yanayofaa hupunguza adha hiyo, lakini hayaondoi chanzo chake. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kukifahamu chanzo, na ya pili ni kuchagua kitambaa.

Vyanzo vya jasho la usiku

Kwa wanawake wengi wenye umri wa kati ya miaka 45 na 55, jasho la usiku huambatana na kukoma kwa hedhi. Katika kipindi hicho kiwango cha homoni ya estrojeni hupungua, na sehemu ya ubongo inayoratibu joto la mwili huwa nyepesi kushtuka. Joto likipanda kidogo tu, mwili huchukulia kwamba umezidiwa, mishipa ya damu ya ngozi hutanuka na jasho hutoka kwa wingi. Baada ya dakika chache mwanamke huhisi baridi kwa sababu nguo zimelowa.

Vyanzo vingine ni homa zitokanazo na maambukizi, ikiwemo malaria; kuzidi kwa homoni za tezi ya shingo; baadhi ya dawa, zikiwemo za kutibu sonona; pamoja na kushuka kwa sukari kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini. Mgonjwa anayehisi kwamba dawa ndiyo inayomtoa jasho hapaswi kuiacha kwa uamuzi wake mwenyewe, bali amweleze mtaalamu aliyemwandikia.

Jasho la usiku pia ni mojawapo ya dalili kuu nne za Kifua Kikuu, nyingine zikiwa kikohozi, homa na kupungua uzito. Mtu mwenye kikohozi kilichodumu kwa wiki mbili au zaidi, au mwenye jasho la usiku linaloambatana na homa au kupungua uzito bila sababu inayojulikana, anapaswa kufika haraka katika kituo cha kutolea huduma za afya ili achunguzwe. Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, kikohozi cha muda wowote kinatosha kuwa sababu ya kupimwa. Uchunguzi na matibabu ya Kifua Kikuu katika vituo vya Serikali nchini Tanzania hutolewa bila malipo, na ugonjwa huo unapona iwapo dawa zitatumiwa kikamilifu. Kubadilisha mashuka huku dalili hizo zikifumbiwa macho ni kuhatarisha maisha ya mgonjwa na ya wale wanaolala naye nyumba moja.

Kwa nini nyuzi za asili

Jasho hupoza mwili pale linapokauka na kuwa mvuke. Kitambaa kinachogusa ngozi kikiuzuia mvuke huo kutoka, jasho hubaki mwilini na ngozi huhisi joto na unyevu kwa pamoja. Hapo ndipo tofauti kati ya nyuzi za asili na nyuzi za viwandani inapodhihirika. Katika hewa yenye nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 65, kilo 1 ya pamba kavu huvuta na kuhifadhi takribani gramu 80 za maji. Hariri takribani gramu 110, kitani gramu 120 na sufu ya kondoo gramu 160. Kilo 1 ya poliesta huhifadhi takribani gramu 4 tu.

Hata hivyo, kila uzi una upungufu wake. Pamba hunyonya jasho vizuri, lakini ikilowa sana huchelewa kukauka na hugandamana na mwili. Kitani hukauka upesi zaidi na hupitisha hewa vyema, ila bei yake ni kubwa na hakipatikani kwa urahisi katika masoko mengi. Hariri ni laini na nyepesi, lakini inahitaji uangalifu katika kufua. Sufu huwafaa zaidi wakazi wa maeneo ya baridi kama vile Njombe, Makete na Lushoto, ambako mtu huhitaji joto na wakati huohuo kitambaa kinachovuta unyevu. Vitambaa vinavyouzwa kwa jina la mianzi, kwa kawaida, ni nyuzi zilizotengenezwa kiwandani kutokana na rojo la mmea huo. Hunyonya maji vizuri, lakini uimara wake hupungua vinapokuwa vimelowa.

Kwa Mtanzania wa kawaida, pamba ndiyo chaguo lililo karibu zaidi. Zao hilo hulimwa kwa wingi katika Kanda ya Ziwa, hususan mikoa ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza, na vazi la kulalia la pamba tayari limo katika nyumba nyingi: kanga, kaniki, kikoi na msuli.

Mambo ya kuzingatia wakati wa kununua

Mnunuzi asome kwanza lebo. Maandishi "100% cotton" yanamaanisha pamba tupu, ilhali "cotton feel" yanaeleza tu kwamba kitambaa kinafanana na pamba kikiguswa. Kanga na vitenge vingi vilivyopo sokoni sasa vimetengenezwa kwa poliesta, hivyo jina la vazi pekee si uthibitisho.

Pale lebo inapokosekana, kama ilivyo kwa mashuka mengi ya mitumba, uzi unaweza kupimwa kwa moto. Nyuzi mbili au tatu huchomolewa kwenye pindo, hushikwa kwa kibanio juu ya sahani yenye maji, mbali na watoto na vitu vinavyoshika moto, kisha huwashwa. Pamba na kitani huungua upesi, hutoa harufu ya karatasi iliyoungua na kuacha majivu mepesi. Hariri na sufu hutoa harufu ya nywele zilizoungua. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kijidonge kigumu. Kitambaa cha mchanganyiko huonesha dalili za pande zote mbili.

Ufumaji nao una nafasi yake. Shuka jepesi lenye ufumaji wa kawaida, ambalo likiinuliwa kwenye mwanga huonesha vitundu vidogo, hupitisha hewa kuliko shuka zito linalong'aa. Idadi kubwa ya nyuzi inayotangazwa kwenye vifungashio si kipimo cha ubaridi, kwa kuwa kitambaa kilichobanwa sana huzuia hewa. Nguo ya kulalia nayo iwe pana, isiyobana kiunoni, shingoni wala kwapani.

Kitanda, godoro na chandarua

Familia nyingi huacha nailoni ya dukani kwenye godoro jipya ili lisichafuke. Nailoni hiyo huzuia unyevu kupenya na hurudisha joto kwa anayelala. Ni vyema iondolewe, na mahali pake patandikwe kitambaa kizito cha pamba kinachofulika. Mto wa sufi ni mwepesi na una hewa nyingi ndani ya nyuzi zake, lakini sufi yenyewe hainyonyi maji kwa urahisi, hivyo foronya yake iwe ya pamba.

Badala ya blanketi moja zito, inafaa kutumia shuka na blanketi jepesi, ili mtu aweze kuondoa tabaka moja jasho linapoanza na kulirudisha baridi inapokuja. Shuka la akiba na nguo ya kubadilisha viwekwe karibu na kitanda, ili anayeamka amelowa asilazimike kutafuta kabatini.

Jambo la kusisitizwa ni kwamba joto lisiwe sababu ya kuacha kulala ndani ya chandarua chenye dawa. Ni kweli kwamba chandarua hupunguza mwendo wa hewa, lakini hatari ya malaria ni kubwa kuliko adha ya jasho. Kinachopaswa kupunguzwa ni uzito wa matandiko yaliyomo ndani yake.

Utunzaji

Nguo na mashuka mapya yafuliwe kabla ya kutumika ili kuondoa wanga wa kiwandani unaozuia maji kupenya. Dawa za kulainisha nguo ziepukwe, kwa sababu huacha utando juu ya nyuzi na kupunguza uwezo wake wa kunyonya jasho. Mashuka yafuliwe angalau mara moja kwa wiki, na mapema zaidi yanapolowa, yaanikwe juani hadi yakauke kabisa, kisha yapigwe pasi pande zote mbili. Pasi huua mayai ya inzi ambao mabuu yao huingia katika ngozi ya binadamu kupitia nguo zilizoanikwa nje.

Mwenye kutokwa jasho usiku aandike ni siku zipi linatokea, linaambatana na nini na dawa zipi anazotumia. Iwapo hali hiyo itaendelea licha ya kubadilisha matandiko, kumbukumbu hizo zitamsaidia mtaalamu wa afya kubaini chanzo mapema na kutoa tiba inayostahili.