Foleni Isiwe Kizuizi: Haki ya Watu Wenye Ulemavu katika Viwanja vya Kufurahishia Unguja

Kila inapofika Sikukuu ya Idd, watoto wa Unguja huvishwa nguo mpya, hupewa fedha za sikukuu na hupelekwa viwanjani. Kiwanja cha kufurahishia watoto cha Kariakoo, kilichojengwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF), hujaa watu tangu alasiri, na Bustani ya Forodhani hujaa baada ya magharibi. Penye pembea, penye dirisha la tiketi na penye meza ya chakula huwapo foleni.

Kwa watoto wengi foleni hiyo ni sehemu ya sikukuu. Kwa baadhi yao ndiyo mwisho wake. Mtoto mwenye usonji huzidiwa na kelele na msongamano kabla zamu yake haijafika. Mwenye selimundu, akikaa juani kwa muda mrefu bila ya maji, huweza kuanza kupata maumivu makali. Mzazi hana budi kumchukua na kurudi naye nyumbani ilhali hajapanda chochote, na mara nyengine husindikizwa na maneno ya watu waliodhani kuwa mtoto huyo ni mtundu tu.

Makala haya yanaeleza ni nani wanaozuiwa na foleni, sheria inasema nini, na ni hatua gani ambazo familia, wasimamizi wa viwanja na wananchi wanaweza kuzichukua.

Ulemavu unaoonekana na usioonekana

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, sawa na asilimia 16 ya watu wote duniani, wanaishi na ulemavu mkubwa. Linapotajwa neno ulemavu, wengi hufikiria kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe. Hata hivyo, baadhi ya watu wanaoumizwa zaidi na foleni hawana alama yoyote inayoonekana.

Wapo wasioweza kusimama kwa muda mrefu, kama vile waliopata kiharusi, waliokatwa mguu na wenye maradhi ya viungo au ya moyo. Wapo ambao jua na uchovu huwadhuru, wakiwemo watu wenye ualbino, wenye selimundu na baadhi ya wenye kifafa. Wapo wanaohitaji kula, kutumia dawa au kwenda chooni kwa haraka, kama wenye kisukari na wenye maradhi ya tumbo au ya figo. Wapo wenye usonji na wenye ulemavu wa akili, ambao kelele, taa na kusukumwa huwatia hofu, au ambao hawafahamu kwa nini wasubiri kitu wanachokiona mbele ya macho yao.

Kundi jengine ni la wale wanaoweza kusimama, lakini utaratibu wa foleni wenyewe huwaacha nyuma. Kiziwi hasikii namba yake ikiitwa. Asiyeona hajui kuwa foleni imesogea, na aliye nyuma yake humpita. Watu hawa hawahitaji kutangulizwa. Wanachohitaji ni mtu wa kuwaashiria au kuwashika mkono zamu yao inapofika.

Sheria inavyosema

Zanzibar ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu (Haki na Fursa) Namba 9 ya mwaka 2006. Sheria hiyo baadae ilifuatiwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 8 ya mwaka 2022. Masuala ya watu wenye ulemavu yamo chini ya Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, na lipo Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu linaloyasimamia.

Aidha, mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 30 ya Mkataba huo inahusu utamaduni, burudani, mapumziko na michezo. Inazitaka nchi wanachama kuhakikisha kuwa watoto wenye ulemavu wanashiriki michezo na burudani kwa usawa na watoto wengine. Kwa hivyo, kucheza si jambo la ziada linalofikiriwa baada ya matibabu na skuli. Ni haki iliyotajwa kwa jina.

Ibara ya 2 ya Mkataba huo ndiyo inayoligusa zaidi suala la foleni. Inaeleza kuwa mtu mwenye ulemavu anastahiki marekebisho yanayofaa, yaani mabadiliko ya lazima yanayohitajika katika hali fulani ili aitumie haki yake kwa usawa na wengine, ilimradi mabadiliko hayo hayamtwishi mtoa huduma mzigo uliopindukia. Kumnyima mtu marekebisho hayo kumehesabiwa kuwa ni aina ya ubaguzi.

Kusubiri si lazima kuwe kusimama

Pingamizi inayosikika mara nyingi ni kuwa kumsaidia mmoja ni kuwadhulumu waliotangulia. Pingamizi hiyo ina uzito pale tu kusubiri na kusimama vinapochukuliwa kuwa ni kitu kimoja. Mila za Unguja zimekwisha kuvitenganisha tangu zamani. Penye bomba la maji lenye foleni, watu hupanga ndoo na madumu yao, kisha wenyewe hukaa kivulini. Dumu ndilo linaloshika zamu. Anayekaa hampiti mtu na wala hapitwi, na hakuna anayelalamika.

Utaratibu huo unaweza kutumika viwanjani. Mtoto asiyeweza kusimama huandikiwa namba au saa ya kurudi, kwa kukadiria muda ambao angelisubiri katika foleni. Muda huo huutumia akiwa amekaa penye kivuli, au katika sehemu yenye utulivu. Saa ikifika, huingia. Amesubiri sawa na wenziwe. Tofauti ni mahali aliposubiri. Utaratibu wa namna hiyo hauhitaji mashine wala programu ya simu. Daftari, kalamu na mtumishi aliyeelekezwa vyema vinatosha.

Msaada huo unahusu kusubiri tu. Masharti ya usalama ya kila mchezo, kama vile urefu wa mtoto, umri na namna ya kufungwa mkanda, yanabaki kwa watu wote.

Mafunzo kutoka nchi nyengine

Viwanja vikubwa vya burudani vya ng'ambo vimelipitia suala hili kwa muda mrefu, na makosa yao ni funzo. Viwanja vya Disney nchini Marekani viliwahi kutoa kadi ambayo kwa kiasi kikubwa ilimwezesha mgeni mwenye ulemavu kuingia mchezoni kwa haraka. Zikatokea taarifa za watu wasio na ulemavu kuitumia vibaya. Mwezi wa Oktoba 2013 kadi hiyo iliondolewa, na pahala pake ukawekwa utaratibu wa kupewa saa ya kurudi. Manufaa ya kudanganya yalipungua, kwa kuwa kila mtu alibaki kusubiri muda unaokaribiana na wa wengine.

Mwaka 2024 viwanja hivyo vilikaza masharti, na huduma hiyo ikaelekezwa zaidi kwa watu wenye ulemavu wa makuzi, kama vile usonji. Wageni wenye maradhi mengine walilalamika kuwa wameachwa nje. Funzo la hapo ni kuwa kuuliza jina la maradhi hakutoshi. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: ni kitu gani katika foleni hii ambacho mtu huyu hawezi kukistahimili?

Nchini Uingereza, mwaka 2016 uwanja wa ndege wa Gatwick ulianzisha utepe wa kijani wenye picha za alizeti, unaovaliwa shingoni na mtu mwenye ulemavu usioonekana. Utepe huo haumpi mvaaji haki ya kutangulia. Humjuilisha mtumishi kuwa mtu huyo huenda akahitaji muda zaidi, maelezo ya taratibu au msaada. Hivi sasa unatumika katika nchi nyingi.

Mazingira ya Mji Mkongwe na shamba

Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Vichochoro vyake ni vyembamba, na majengo mengi yana vizingiti virefu na ngazi za mwinuko mkali. Kubadilisha jengo la urithi kunahitaji idhini, na mara nyengine hakuwezekani bila ya kuliharibu. Hata hivyo, utaratibu wa foleni si jiwe wala boriti. Unaweza kubadilishwa leo hii katika lango la Ngome Kongwe siku ya tamasha, bila ya kugusa ukuta.

Mji huo pia umerithi baraza za mawe mbele ya nyumba, ambazo wenyeji na wapita njia wamekuwa wakizikalia na kupumzika kwa vizazi vingi. Penye baraza karibu na lango, mahali pa kusubiria pameshapatikana.

Bustani ya Forodhani, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, ina njia za kupitika na sehemu za kukaa. Anayesindikizwa anaweza kukaa huku mwenzake akinunua chakula. Wanaokuja kabla ya magharibi hukuta nafasi zaidi na kelele chache.

Nje ya mji, Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004 na inayojulikana kwa kima punju, hutembelewa kwa makundi yanayofuatana na muongozaji. Ni vyema muongozaji aelezwe hali ya mgeni kabla ya safari kuanza, ili mwendo na vituo vya kupumzika vipangwe mapema.

Ushauri kwa wazazi na walezi

Wazazi na walezi wanashauriwa kufika mapema, hususan siku za Idd na za mapumziko ya taifa, na ikiwezekana kuchagua siku ya tatu au ya nne ya sikukuu. Ni vyema wafike watu wazima wawili, mmoja ashike zamu na mwengine akae na mtoto. Maji, dawa, kofia na chakula kidogo visisahauliwe. Kwa mtoto mwenye usonji, kumueleza tangu nyumbani ataona nini na atasubiri vipi hupunguza hofu.

Mzazi anapofika langoni, aseme haja yake kwa ufupi na kwa uwazi: "Mwanangu hawezi kusimama juani, naomba tuandikiwe zamu, tukae pale kivulini." Hana wajibu wa kueleza historia ya maradhi ya mtoto mbele ya umma. Iwapo ana kitambulisho au barua ya daktari, anaweza kumuonesha msimamizi kwa faragha.

Ushauri kwa wasimamizi na wananchi

Wasimamizi wa viwanja na wa maonesho wanakumbushwa kuweka tangazo la maandishi makubwa na picha linaloeleza kuwa msaada wa foleni unapatikana, kumteua mtumishi maalumu wa kupokea maombi, kutenga sehemu yenye kivuli na viti, na kuonesha namba kwa maandishi badala ya kuziita kwa sauti pekee. Jumuiya za watu wenye ulemavu, ikiwemo Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar (UWZ), zina uzoefu unaoweza kutumika katika kuwafundisha watumishi hao.

Wananchi waliomo katika foleni nao wana sehemu yao. Mtoto anayepiga kelele huenda hakukosa malezi, na kijana anayekaa chini huenda hakukosa adabu. Kumwachia mtu nafasi ya kukaa, au kumshikia zamu, hakumpunguzii mwenye kutoa kitu chochote.

Mtu mwenye ulemavu au mzazi anayekataliwa huduma anaweza kwanza kuonana na msimamizi wa mahali husika. Asiporidhika, anaweza kuwasilisha malalamiko yake kwa Sheha wa shehia yake, kwa jumuiya ya watu wenye ulemavu au kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Ni vyema ataje siku, saa, mahali na aina ya msaada alioomba.