Jina la mji wenu lilitoka wapi? Uzi kuhusu Sisibo

Kila uchaguzi ukikaribia kuna hoja hurudi jukwaani bila kukosa: "Hata jina la mahali hapa ni letu, kwa hivyo ardhi ni yetu. Wengine ni wageni." Juzi nimeisikia tena ndani ya matatu, jamaa wawili wakibishana kuhusu Eldoret, ikabidi niandike uzi huu. Sitataja mwanasiasa wala chama. Hoja yenyewe ndiyo nataka tuikague.

Mimi nimezaliwa Eldoret. Wazee wengi wa huko husema Sisibo. Nikiwa mtoto nilidhani hilo ni neno la kale la Kinandi. Kumbe ni nambari tu! Ni 64 ya Kiingereza iliyopita kwenye ulimi wa Wakalenjin ikatokea Sisibo. Walowezi walipokatiwa nyanda hizi, mashamba yalipewa nambari, na posta ikajengwa kwenye shamba nambari 64. Mji ukaitwa hivyo hivyo mpaka 1912, serikali ya kikoloni ilipoupa jina rasmi, Eldoret.

Na Eldoret je? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba linatokana na neno la Kimaasai, eldore, mto wa mawe, yaani Sosiani huu huu unaopita mjini. Ile "t" ya mwisho iliongezwa ili jina lisikike Kinandi. Kwa hivyo una neno la Kimaasai, lenye mkia wa Kinandi, lililopigwa muhuri na Mwingereza. Haya, mwenyewe ni nani hapo?

Ngoja, kaunti yenyewe ni moto zaidi. Uasin Gishu ni jina la kundi la Wamaasai waliochunga nyanda hizi, wakavunjwa nguvu na vita vya karne ya 19. Kabla yao walikuwepo watu tunaowaita Wasirikwa, na mashimo yao ya kufugia ng'ombe bado yanaonekana mahali mahali. Baada ya Wamaasai, Wanandi walichunga humu. Kisha wakapigana na Waingereza kuanzia 1895 hadi 1905, Koitalel arap Samoei akauawa kwa risasi kwenye kile alichoambiwa ni kikao cha amani, na watu wake wakasukumwa ndani ya rizavu.

Wakati vita hivyo havijaisha, mwaka 1903, Uingereza ilikuwa tayari imewapendekezea Wazayuni nyanda hizi. Ndiyo, umesoma vizuri. Walituma watu kuja kukagua, na mwaka 1905 mkutano wao ukakataa. Mwaka 1908 wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, wakipanda kutoka Nakuru. Katika hayo yote hakuna aliyewauliza waliokuwa wakichunga hapo. Dhuluma ilifanyika, tena kubwa, na anayeilalamikia leo hasemi uongo.

Lakini kulilia dhuluma ni kitu kimoja, kutumia jina kama hati miliki ni kingine. Tukisema jina ndilo ushahidi, basi Uasin Gishu yote irudishiwe Wamaasai, na Nairobi na Naivasha na Nakuru pia, maana hayo yote yametoka kwao. Wanaopiga kelele jukwaani hawataki kufika huko. Hutaka jina lifike tu pale linapowafaa.

Karibu na kwetu kuna mji uliokuwa ukiitwa Hoey's Bridge, kwa heshima ya mlowezi. Baadaye ukapewa jina la mkubwa wa nchi. Nimeahidi kutotaja wanasiasa, kwa hivyo malizieni wenyewe.

Mwenye dai la ardhi ya mababu ana njia yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 67, imeipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Njia hiyo ni ya polepole, najua, na inachosha. Kifungu cha 39 nacho kinampa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote Kenya. Vyote viwili viko kwenye kitabu kimoja, lakini jukwaani utasomewa kimoja tu, kutegemea umati ni wa nani.

Naandika haya kwa sababu Januari 2008 familia yetu ililala uwanja wa maonyesho na blanketi mbili. Kijana aliyetuambia tuondoke nilisoma naye darasa moja. Alisema turudi kwetu, hata jina la kijiji si letu. Nilikosa la kumjibu, kwa sababu historia hii sikuifahamu wakati huo. Yeye pia hakuifahamu.

Babangu alirudi, akajenga tena pale pale. Mpaka leo akipanda matatu humwambia makanga, "Nishukishe Sisibo." Mwaka jana nikamweleza kwamba hiyo ni nambari ya shamba la mzungu. Akanitazama, akacheka sana. "Na huyo mzungu," akaniuliza, "alirudi kwao?"