Mkeka si aibu: historia ya kuzika bila kuumiza udongo



Mama mmoja wa Masisi, aliyemzika mtoto wake karibu na kambi pembeni mwa Goma, aliniambia hivi: "Nilimzika na mkeka tu. Hakuna sanduku, hakuna simenti. Ni kama mtoto hakuwa na watu." Aibu hiyo ninaisikia kwa wengi. Leo ninataka tuiulize historia kama aibu hiyo ina haki.

Tuanze na wazee wetu. Katika vijiji vingi vya milimani, maiti alifungwa katika mkeka au majani ya migomba, akazikwa karibu na nyumba. Mti au mmea unaoishi miaka mingi ndio uliokuwa alama. Mtoto alionyeshwa: pale chini ya mti analala babu yako. Mkeka ulioza, mwili ukarudi kuwa udongo, mti ukaendelea kukua. Majirani zetu wa Buganda, huko Uganda, waliwafunga marehemu kwa nguo ya gome la mti wa mutuba. Gome likishatolewa, shina hufunikwa kwa majani ya migomba hadi gome jipya liote. Mti haufi.

Katika karne ya 19, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifika Maniema kutoka pwani na Zanzibar, wakakaa Nyangwe na Kasongo. Biashara yao ya pembe na watumwa iliumiza watu wengi sana, hilo hatulisahau. Lakini dini waliyokuja nayo ilibaki, pamoja na desturi yake ya kuzika. Maiti huvishwa sanda nyeupe, nguo tatu kwa mwanaume na tano kwa mwanamke, kisha hulazwa katika mwanandani bila sanduku. Tajiri na maskini huingia kaburini na nguo ileile. Hadi leo Waislamu wa Maniema huzika hivyo, na hakuna anayesema kwamba hawana watu.

Basi sanduku lilitoka wapi? Lilikuja na misheni, na mafundi seremala, na miji ya wakoloni yenye makaburi ya mistari. Polepole likawa kipimo cha heshima. Baadaye zikaongezeka vernisi, simenti, vigae, na formoli ya kuchelewesha kuoza. Vyote hivyo vina bei, na si familia peke yake inayolipa. Mbao zinatoka kwenye miti. Simenti inatengenezwa kwa kuchoma mawe katika moto mkali sana. Formoli ni sumu, na inazikwa pamoja na marehemu.

Goma ilijifunza kwa uchungu kwamba udongo nao una mipaka. Katika mwezi wa saba 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache. Kolera ikaingia. Katika mwezi mmoja walikufa watu karibu 50,000. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, na jembe halikuweza kitu. Maiti walilala kando ya barabara wakiwa wamefungwa katika mikeka na mablanketi, hadi askari wa Ufaransa walipoleta mashine za kuchimba mashimo makubwa. Kilichotuumiza mwaka ule hakikuwa mkeka. Kilichotuumiza ni kwamba watu walizikwa bila majina.

Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, 1993, mji wa Carlisle huko Uingereza ulikuwa umefungua sehemu ya makaburi ambako mtu anazikwa bila simenti, na mti unapandwa juu yake. Leo katika nchi za Ulaya kuna watu wenye pesa wanaochagua kuzikwa hivyo, kwa sababu wanataka kuihurumia ardhi. Wanachokitafuta wao, bibi zetu walikijua.

Halafu ikaja 2025. Vita viliingia Goma mwezi wa kwanza, na Msalaba Mwekundu ukazika mamia ya watu. Mwezi wa pili kambi za pembeni mwa mji zikavunjwa, familia zikaondoka, makaburi yakabaki. Mama yule wa Masisi naye aliondoka. Anachokiogopa sasa ni kurudi siku moja asione mahali.

Kwa hiyo ninawaomba jambo moja. Pesa ya simenti ikikosekana, msikose karatasi na kalamu. Andikeni jina la marehemu, tarehe, jina la makaburi, mstari, na hatua ngapi kutoka barabarani au kwenye jiwe kubwa linalojulikana. Wapeni ndugu wawili au watatu nakala. Mkiruhusiwa, pandeni mti au mmea unaodumu. Zikeni mbali na chemchemi na visima. Na kama ni kolera au Ebola, msioshe maiti wenyewe. Iteni watu wa afya, lakini ombeni ndugu wawepo, wasali, waone mahali. Mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 huku kwetu ulitufundisha kwamba mazishi salama bila familia huleta hasira, na hasira huficha wagonjwa.

Mama, kama unanisikia: mtoto wako alizikwa kama walivyozikwa wakubwa wa ukoo wako. Alikuwa na watu. Wewe ulikuwa pale.