Pasaka ya Nabugoye

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja, Pasaka, kwa sikukuu mbili. Msharika wa Kilutheri akisikia neno hilo huona kaburi lililo wazi na asubuhi ya Jumapili. Myahudi huona Misri, damu katika miimo ya milango na watu wanaokula wamesimama, viatu miguuni. Katika habari ninayoiandika hapa, msomaji mpendwa, Pasaka ni ile ya pili. Nikitaka kutaja yetu nitasema Pasaka ya Ufufuo. Habari yenyewe ni ya usharika wa Kiyahudi ulio jirani zetu, katika vilima vya Mbale, mashariki mwa Uganda. Watu wake huitwa Abayudaya, maana yake Wayahudi kwa Kiganda. Wamekuwapo tangu mwaka 1919, na kwa miaka 89 ya kwanza hawakuwa na rabi wa kwao hata mmoja aliyewekwa rasmi. Nimejiuliza mara nyingi: basi nani aliyeuongoza usharika huo?

Jibu linaanzia katika kalenda. Kumbukumbu la Torati 16 huwaagiza Waisraeli kuutunza mwezi wa Abibu, na Abibu ni majira ambapo masuke ya shayiri yanaanza kukomaa katika nchi ya Kanaani, mvua za baridi zikiisha na mashamba yakichanua. Lakini miezi ya Wayahudi hufuata mwezi mwandamo, na miezi kumi na miwili ya namna hiyo ina siku 354 tu. Kila mwaka zinapungua siku kama 11. Ndugu zetu Waislamu huuacha upungufu huo uendelee, ndiyo maana Ramadhani huzunguka mwaka mzima, mara masika, mara kiangazi. Wayahudi hawawezi kufanya hivyo, kwa sababu Pasaka isipoangukia majira ya kuchipua, agizo la Musa halikutimizwa. Kwa hiyo huongeza mwezi mzima wa kumi na tatu mara saba katika kila miaka 19. Zamani wazee wa Yerusalemu walikaa kikao kuamua kama mwaka uongezwe au la, wakiangalia na hali ya shayiri. Huo nao ni uongozi: kujua leo ni siku gani na kuwaambia watu. Mbale hakuna shayiri ya Kanaani, wala hakuna majira ya kuchipua kama yale ya Mashariki ya Kati. Wakati huo masika yanaanza, udongo chini ya Mlima Elgon unalainika na watu wako shambani. Hata hivyo siku yao ni ile ile ya Yerusalemu.

Jambo la pili ni meza. Kabla ya Pasaka nyumba husafishwa kila chachu itoke, hadi punje ya mkate iliyoanguka nyuma ya sanduku. Jioni ya sikukuu familia huketi mezani, hula mkate usiotiwa chachu na mboga chungu, na kusoma masimulizi ya kutoka Misri katika kitabu kiitwacho Hagada. Si lazima sinagogi liwepo, wala rabi asimame. Anayeongoza ni mwenye nyumba, na anayeanzisha mazungumzo ni mtoto mdogo kuliko wote, anayeuliza kwa nini usiku huu ni tofauti na mwingine. Tena angalia hili: Musa, aliyewatoa watu Misri, karibu hatajwi kabisa katika Hagada. Jina lake limo katika mstari mmoja tu wa Maandiko ulionukuliwa humo. Sisi wachungaji tungekuwa tumeandika kitabu hicho, nadhani tungempa Musa sura tatu.

Sitakuwa mkweli nikisema kwamba majira haya yamekuwa ya furaha kwa Wayahudi kila mahali. Katika Ulaya ya Kikristo, Wiki Kuu ilikuwa wakati wa hofu kwao, kwa sababu mahubiri juu ya mateso ya Bwana yaliwatoa watu kanisani wakiwa na hasira, na uongo kwamba Wayahudi hutumia damu ya watoto Wakristo ulisambaa hasa wakati wa Pasaka. Luther mwenyewe, mwaka 1543, aliandika juu yao maneno ambayo hakuna Mlutheri anayeweza kuyatetea. Mwaka 1984, mkutano mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani uliofanyika Budapest ulipokea tamko linaloyakataa waziwazi. Ni vema washarika wetu wajue yote mawili, kwamba yaliandikwa na kwamba yalikataliwa.

Mwaka 1903, siku ya mwisho ya Pasaka iliangukia Pasaka ya Ufufuo ya Waorthodoksi. Siku hiyo katika mji wa Kishinev, uliokuwa chini ya Urusi, watu walivamia nyumba za Wayahudi na kuua 49. Miezi minne baadaye Theodor Herzl aliupelekea mkutano wa Wazayuni mjini Basel pendekezo la Waingereza la kuwapa Wayahudi kimbilio Afrika Mashariki. Mpango huo huitwa wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, ambayo leo ni Kenya. Haukufika popote. Ninautaja kwa sababu watu wengi hudhani Abayudaya ni mabaki yake, na sivyo. Hakuna Myahudi wa Ulaya aliyekwenda Mbale kuwaanzisha. Walijianzisha kwa kusoma Biblia.

Aliyeanza ni Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyebatizwa na Waprotestanti. Aliwasaidia Waingereza kuitiisha mashariki ya Uganda, na mwaka 1899 alikuwa miongoni mwa waliowakamata wafalme Kabalega na Mwanga. Alitarajia kupewa ufalme wake huko mashariki. Waingereza wakamfanya mtumishi wao, kisha wakazidi kumpunguzia madaraka. Alijitenga nao, akaingia dhehebu la Bamalaki lililokataa dawa za hospitali. Huko nako hakutulia. Aliendelea kusoma vitabu vya Musa, akafika kwenye agizo la tohara. Mwaka 1919 alijitahiri yeye na wanawe. Bamalaki wakamwambia tohara ni ya Wayahudi. Akajibu kwamba kama ni hivyo, yeye ni Myahudi.

Mtu anaweza kusema ilikuwa hasira ya siasa tu, na hasira ilikuwemo. Lakini hasira haitoshi kumfanya mtu wa makamo akubali kisu. Mwaka 1920 alifika Mbale Myahudi mmoja ambaye Abayudaya wanamkumbuka kwa jina la Yosefu, akakaa kwa Kakungulu kama miezi sita. Alimfundisha habari za kuchinja, herufi za Kiebrania na kalenda ya sikukuu, kisha akaenda zake. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha Kiganda chenye kurasa kama 90 za sala na kanuni. Alikufa mwaka 1928. Mali ya usharika wake ilikuwa hiyo: kitabu, kalenda na waumini waliotawanyika vijijini.

Baada ya yeye kufa wengine walirudi makanisani. Waliobaki waliongozwa na wazee, na anayekumbukwa zaidi kati yao ni Samson Mugombe. Hakusoma chuo chochote cha marabi. Alikuwa mtu aliyejua siku gani ni Sabato, siku gani ni Pasaka, na sala zipi zisemwe. Kwa desturi ya Kiyahudi hilo linatosha: watu wazima kumi wakikusanyika, ibada kamili inaweza kufanyika bila rabi. Sisi wa Kaskazini mwa Tanzania tusiwatazame kama watu wa ajabu. Miaka hiyo hiyo, wamisionari wa Leipzig walipoondolewa Kilimanjaro na Meru mwaka 1920, walimu wa Kiafrika ndio waliobaki kuongoza ibada na kufundisha katekisimu. Tofauti ni kwamba kwetu wachungaji walikuja tena, lakini Mbale waliendelea kungoja. Katika miaka ya 1960 Arye Oded, Mwisraeli aliyekuwa Makerere, aliwatembelea na kuandika habari zao, na ndipo Wayahudi wa nje walipoanza kuwafahamu.

Kisha akaja Idi Amin. Mwaka 1972 aliwafukuza Waisraeli wote nchini, na dini ya Kiyahudi ikapigwa marufuku. Masinagogi yakafungwa. Makanisa nayo hayakusalimika: Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977, na mwaka huo huo madhehebu mengi ya Kikristo yalipigwa marufuku. Lakini baada ya Waisraeli kuwakomboa mateka wa Entebbe mwaka 1976, kuitwa Myahudi katika Uganda kulikuwa na hatari ya peke yake. Inakadiriwa kwamba Abayudaya walikuwa kama 3,000, na mwisho wa utawala wa Amin walibaki kama 300. Wengi waligeukia Ukristo au Uislamu. Siwahukumu, sijawahi kuulizwa imani yangu na mwenye bunduki.

Hao 300 walisali majumbani, kwa siri. Hapa ndipo ninapoona kazi ya ile meza. Serikali inaweza kuweka kufuli kwenye mlango wa sinagogi, na inaweza kumkamata rabi kama yupo. Nabugoye hapakuwa na rabi wa kukamata. Uongozi ulikuwa umeshagawanywa zamani kwa kila baba na mama aliyeweza kuhesabu siku, kutoa chachu na kumwacha mtoto aulize. Askari angeuzimaje usharika wa namna hiyo isipokuwa kwa kuingia kila nyumba, usiku ule hasa?

Sisi Watanzania tuna sehemu yetu katika yaliyofuata. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera. Vijana wetu walikwenda vitani, wengine hawakurudi, na katika sharika zetu za Kagera wapo wanaokumbuka nyumba zilizochomwa na mifugo iliyoswagwa. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Kwetu ilikuwa Jumatano ya Wiki Kuu. Kwa kalenda ya Kiyahudi ilikuwa tarehe 14 Nisani, yaani siku ambayo jua likizama Pasaka inaingia. Mbale yenyewe ilifikiwa baadaye, lakini habari ya Kampala ilienea. Watu waliokuwa wakisimulia kwa kunong'ona habari za Farao walisikia kwamba Farao wao amekimbia.

Wapo wahubiri ambao wangeifanya tarehe hiyo kuwa hesabu ya Mungu. Mimi ninasita. Vita vile vilikuwa na wajane pande zote mbili, na Uganda haikupata amani mara moja. Iliingia katika miaka mingine ya damu. Ninachoweza kusema ni kwamba Abayudaya hawakuhitaji mhubiri wa kuwaeleza. Walikuwa na Hagada.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi ya kuinua usharika ilishikwa na vijana. Miongoni mwao walikuwa J. J. Keki na Gershom Sizomu, mjukuu wa Mzee Mugombe. Walikaa pamoja katika kilima cha Nabugoye wakilima na kujifunza, kwa mfano wa kibutzi za Israeli walizokuwa wamezisikia. Wazee walikuwa na kumbukumbu, vijana wakawa na miguu ya kwenda kijiji hadi kijiji kuwatafuta waliojificha. Sinagogi la Musa likasimama tena Nabugoye.

Wageni walipoanza kufika kutoka Marekani likaja swali gumu: je, hawa ni Wayahudi kweli? Mwaka 2002 marabi wa tawi la Conservative walifika, wakawahoji na kuwazamisha katika maji zaidi ya watu 300, kama sheria yao inavyodai kwa mwongofu. Si wote waliofurahi. Waliona uchungu kuambiwa waongoke leo, wao ambao babu zao walitahiriwa mwaka 1919 na mama zao walitoa chachu chini ya Amin. Ninawaelewa, ingawa ninawaelewa pia waliokubali, kwa sababu hakuna usharika unaotaka kuwa kisiwa. Katika 2 Mambo ya Nyakati 30, Mfalme Hezekia alifanya Pasaka mwezi wa pili kwa kuwa makuhani waliojitakasa hawakutosha, na watu wa Efraimu na Manase wakala bila kutimiza kanuni. Hezekia aliwaombea, wala hawakufukuzwa mezani. Kwa upande wake, serikali ya Israeli imesita kuwatambua Abayudaya wanaotaka kuhamia huko.

Sizomu alikwenda kusoma katika chuo cha marabi mjini Los Angeles, akawekwa kuwa rabi Mei 2008, akarudi Nabugoye. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Keki naye, mwaka 2004, aliwaunganisha wakulima wa kahawa Wayahudi, Wakristo na Waislamu katika ushirika mmoja unaoitwa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu.

Wala wote si kundi moja. Waumini wa kijiji cha Putti waliona njia ya Nabugoye ni legevu, wakafuata kanuni kali za Kiorthodoksi. Nabugoye wanawake huhesabiwa katika wale kumi wa ibada, na Putti hawahesabiwi. Hawasali pamoja. Lakini inapofika tarehe 14 Nisani, katika mvua za masika, vilima vyote viwili vinatoa chachu siku ile ile, na jua likizama, katika kila nyumba mtoto mdogo kuliko wote anauliza.