Roho inayopiga mbio si ugonjwa wa leo

Tangu turudi tunasikia hii maneno karibu kila mwezi: mama amekaa sokoni na unga wake, hakuna mutu anayemugusa, mara roho inaanza kupiga mbio, kifua kinabana, mikono inatetemeka. "Ninakufa, munisaidie!" Dakika 10 ao 20, imepita. Hapo ndipo feza ya mukopo inaanza kuisha: vipimo vya roho mara tatu, kisha mufumu, maana jirani ameshukiwa.

Haikuanza na sisi. Marekani, katika vita vyao vya ndani (1861–1865), munganga Jacob Mendes Da Costa wa Philadelphia alipokea waaskari waliolalamika vile vile. Aliwafuata zaidi ya 300, akaandika habari zao mwaka 1871. Wengi, roho zao hakuziona na ugonjwa. Akawapa mapumziko na dawa ya roho.

Vita ya kwanza ya dunia ilipofika, Waingereza walipata maelfu ya namna hiyo. Thomas Lewis akageuza njia: aliwatoa kitandani, akawapa mazoezi kidogo kidogo, kuongeza hatua kwa hatua. Wengine walirudi kazini. (Si wote waliokuwa na shida hii yetu, wakati ule yote iliwekwa mu kapu moja.) Ni mwaka 1980 tu waganga wa akili wa Marekani waliipa shambulio la hofu jina lake lenyewe, na mwaka 1986 Mwingereza David Clark akaeleza inavyozunguka: roho inapiga, mutu anafikiri "ni kifo," woga unaongezeka, na ule woga unasukuma roho zaidi.

Mara ya kwanza, uende kituo cha afya, maana kifua kinaweza kuwa na ugonjwa wa kweli. Munganga akisema roho ni nzima, basi siku ikirudi usikimbie. Ukae pale pale, utoe pumzi polepole, ungoje ipite. Kesho urudi sokoni. Mwenye kukimbia soko leo, kesho ataogopa njia, kesho kutwa mulango wake mwenyewe, na hapo hata muchango hauwezi.

Wafadhili wetu wameuliza kwa nini tunalipa mama mumoja asindikize mwenzake sokoni majuma mane. Ni kwa sababu hiyo. Juma la tano anaenda peke yake.